Taa za Bi Kuruthumu

Bi Kuruthumu wa Ujiji hajawahi kuvua hata dagaa mmoja, lakini wavuvi wazima na vifua vyao humwita Tajiri, na akikohoa tu wananyamaza. Mtumbwi aliachiwa na marehemu mumewe. Taa alinunua mwenyewe, na pasipo taa, dagaa wa usiku huwapati ng'o.

Msimu mmoja nyavu zilirudi tupu. Nahodha Sefu, mswalihina hasa, akampata wa kumtwika lawama: Heritier, kijana aliyetokea ng'ambo ya ziwa, Kongo. Wenzake walipoinua mikono kuomba dua kabla ya kusukuma mtumbwi, yeye alikuwa akikunja kamba. Wala hakuficha kwamba haamini kuna Mungu. Sefu na wenzake wakampiga makofi mbele za watu na kumtupia nguo zake mchangani.

"Tajiri, mkosi wetu ni huyu," Sefu alisema. "Dini hairuhusu kukaa naye chombo kimoja."

"Dini ipi, Sefu? Mimi naswali tano kama weye, na hiyo sijaisikia."

Bi Kuruthumu akazifungua taa mtumbwini, akajitwika hadi nyumbani. Heritier asipopanda, hapandi mtu. Walidhani ni masihara. Mitumbwi ya wenzao ikawa inarudi na dagaa, wao wanapiga soga ufukweni, na Tajiri mwenyewe anakula ugali kwa mlenda bila kunung'unika. Mwanamke yule ana moyo, basi tu! Mwisho Sefu akaja kuomba radhi, kichwa chini, na Heritier akarudi kazini.

Miaka ikaenda. Sefu akazeeka, Heritier akawa nahodha, tena hodari. Hapo naye akaota mapembe. Alipiga marufuku dua, na jioni moja mzee Sefu alipotandika mswala wake mtumbwini, aliunyakua akautupa ziwani.

"Hakuna Mungu, kwa hiyo hakuna wa kuswaliwa," alimwambia. "Mtu wa ujinga huo simtaki kwenye kazi yangu. Kesho usije."

Kesho yake aliyekuja ni Bi Kuruthumu. Alianza kuzifungua taa.

Heritier akamsogelea. "Mama, huyu mzee alinipiga mbele za watu!"

"Nakumbuka. Yeye alisema Mungu ndiye kataka. Weye unasema Mungu hayupo. Na mimi naona ni yale yale, mtu anafukuzwa: kule nguo mchangani, huku mswala majini." Akajitwika taa zake, akaondoka.

Heritier alizifuata taa nyumbani kwake jioni ya pili. Mkononi alikuwa na mswala mpya, bado uko kwenye nailoni, na aliushika vibaya kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu. Bi Kuruthumu alimpa taa.

Mtumbwi ulisukumwa, Sefu akiwamo ndani. Haukufika mbali, wakati wa swala ya magharibi ukaingia, na injini ikazimwa. Bi Kuruthumu, amesimama mchangani, alimwona mzee akiinama juu ya mswala, na nahodha wake asiyeamini amekaza kasia majini ili chombo kisiyumbe. Siku hiyo yeye mwenyewe alichelewa kuswali, kwa kuwa macho yalikataa kuondoka pale.