Kitabu cha Mapishi Kilichosomwa kwa Udhu

Mimi ni mpiga chapa. Kibanda changu kiko Msambweni, karibu na njia ya hospitali, na kazi yangu kubwa ni kutoa fotokopi za vitambulisho na kuandika barua za watu wanaoomba kazi ambazo wote twajua hawatazipata. Siku Bi Mwanarusi alipoingia na madaftari manne yaliyofungwa kwa mpira wa suruali, nilidhani ana kesi ya shamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Chirau. Nataka kitabu."

"Cha risiti?"

"Changu. Nimeandika mimi."

Nilimtazama. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Vanga, aliyekuwa mpishi wa hoteli huko Galu kwa miaka ishirini na sita, akiwachemshia wageni viazi visivyo na ladha kwa sababu ndivyo walivyovitaka. Mama yake mzazi alikuwa amefariki mwaka uliopita. Katika arubaini ya marehemu, wanawake wa ukoo walikusanyika wakapika, na Bi Mwanarusi alipokula akagundua kwamba hakuna hata sufuria moja iliyofanana na ya mama. Wake wa wajomba walikuwa wakitia vikolezo vya pakiti. Na yeye mwenyewe, muda wote ule, alikuwa Galu akichemsha viazi.

"Mkono wa mama unapotea, Chirau," aliniambia, akaanza kulia juu ya kibodi yangu. "Sitaki kusifiwa. Nataka vyakula vyake vipikwe. Basi."

Nikasogeza kibodi, nikamwambia tuanze kesho.

Tuligombana miezi mitatu. Bi Mwanarusi hakuwa na vipimo. Alikuwa na kiganja, chumvi ya kuonja, na tui la kiasi cha haja.

"Mama, kiasi cha haja ni vikombe vingapi? Msomaji atataka kujua."

"Kwani huyo msomaji haja yake haijui?"

Mwishowe nikaleta kikombe kutoka nyumbani, yeye akaleta nazi na mbuzi ya kukunia, na kibanda changu kikanuka jikoni mpaka wateja wa fotokopi wakawa wanaulizia sahani. Sijapata kufanya kazi iliyonishibisha vile.

Tulipeleka mswada kwa wachapishaji wa Nairobi. Baada ya miezi saba walijibu kwa adabu kwamba vyakula ni vitamu lakini wasomaji wake watakuwa wachache. Bi Mwanarusi aliisoma barua ile mara mbili, akafungia bizari ndani yake. Tukaenda Mombasa kwa mtu mwenye mtambo wa kuchapa, tukaagiza nakala mia tatu kwa akiba yake ya kustaafu.

Jalada tulimwachia kaka yake, Maalim Abdulwahab, mwalimu wa madrasa mwenye mkono mzuri wa hati ya Kiarabu. Nasi tuliona ni baraka. Maalim aliandika bismillahi na chini yake aya inayotaja chakula, kwa wino wa dhahabu, herufi zimekumbatiana kutoka juu hadi chini, na jina la dada yake akalichomeka katikati kwa rangi nyekundu. Nilipoliona nilipangusa mikono kwenye shati kabla ya kulishika. Ndani ya kitabu sikuliandika jina tena. Kurasa zilikuwa zimejaa, nikajiambia jina moja latosha.

Kuhusu kutangaza, nilijitia utaalamu. Nilituma picha katika makundi yote ya wasapu niliyomo, hata la wachimba visima. Watu waliweka vidole gumba, hakuna aliyenunua. Bi Mwanarusi akanicheka, akachukua kikapu, akaenda penye wanunuzi wake: jikoni za harusi, mahali wanawake wanakoroga pilau la watu mia nne huku wakisengenya. Akaenda kwenye maulidi. Akaenda kwenye chama chao cha kuweka akiba. Popote alipofika alikuwa akikitoa kitabu, wanawake wanasema mashallah, wanakibusu, wanakinunua. Katika wiki tano zilibaki nakala arubaini. Nilijiona mtu mkubwa. Niliongeza maneno "na vitabu" kwenye bango la kibanda.

Kisha akaanza kuzunguka kusikiliza habari. Alitarajia wamwambie samaki alikuwaje, mkate wa sinia uliumukaje. Kila alikoingia alisifiwa jalada. Hakuna aliyetaja chakula.

Siku moja alinichukua tukaenda kwa Bi Khamisa, rafiki yake wa tangu usichana. Tulikaribishwa sebuleni. Kitabu kilikuwa juu kabisa ya kabati la vyombo, kimefungwa kwa plastiki, kimelazwa karibu na msahafu.

"Umepika nini, Khamisa?" Bi Mwanarusi akauliza.

"Nipike vipi, dada yangu?" Bi Khamisa alijibu kwa mshangao wa kweli. "Kitu kina maneno ya Mwenyezi Mungu, nikiweke kwenye unga na magamba ya samaki? Mimi hukisoma nikiwa na udhu. Nilifika ukurasa wa tatu, nikakuta habari za vitunguu, nikaona haya, nikakirudisha. Tena kuna zile siku zetu wanawake, hatukigusi kabisa."

"Na wenzako?"

"Wenzangu wote hivyo hivyo. Kwani sisi hatuna adabu?"

Nilitaka kucheka, nikamtazama Bi Mwanarusi, nikaacha. Alikuwa amekaa kama aliyeambiwa habari ya msiba. Mia mbili na sitini zimenunuliwa, na hata sufuria moja haijatiwa moto.

Njiani alisema, "Wamekiheshimu mpaka wamekiua."

Maalim Abdulwahab alipopata habari alikuja kibandani mbio, upindo wa kanzu mkononi. Alikuwa mwepesi wa kukiri. Alisema kosa ni lake, kwamba aliandika kwa mapenzi bila kufikiria jikoni ni mahali gani, na kwamba hakuna ubaya jalada likikatwa kwa mikono safi na karatasi ile ikahifadhiwa vyema.

"Na jina?" nikauliza mimi. "Jina liko mumo humo katikati ya hati. Ukikata jalada umekata na mwenye kitabu."

Maalim akakuna ndevu. Nikasema nitaliandika jina ndani kwa kalamu, nakala zote, hata kama vidole vitaota sugu. Bi Mwanarusi akakataa.

"Wewe huwajui hawa," alisema. "Khamisa ananiita mpishi mkubwa wa Galu. Akiona jina langu ataogopa kukosea, na mtu akiogopa kukosea hawashi moto. Kata, Chirau."

Nilikasirika, sifichi. Miezi mitatu ya kugombana juu ya vikombe, halafu kitabu kiende ulimwenguni kama mtoto asiye na baba! Nilimwambia watu hutoa roho ili jina lao liwe juu ya kitabu. Akaniambia nimpe wembe na rula.

Basi tukazunguka Msambweni nyumba kwa nyumba. Yeye alikuwa akitia udhu, anakata taratibu, anamkabidhi mwenye nyumba jalada kwa mikono miwili, kisha kitabu kilichobaki anakipeleka mwenyewe jikoni, anakiweka baina ya chumvi na mafuta. Wengine walishtuka. Bi Khamisa alifumba macho wakati wembe unapita. Lakini jalada aliwahi kulipeleka kwa fundi wa vioo kabla ya alasiri, na wenzake wakamfuata. Leo ukialikwa sebule nyingi za Msambweni utaliona ukutani, ndani ya fremu, jina jekundu katikati ya dhahabu. Ndiye mwandishi pekee nimjuaye ambaye jina lake limekaa sebuleni na kitabu chake kiko jikoni.

Zile arubaini zilizobaki tulizikata pia, tukamuuzia mchuuzi wa vitabu kuukuu, ambaye huzunguka masoko ya bara na turubai lake. Alilalamika hazina uso. Nilimwambia hata mimi nalalamika.

Polepole habari zikaanza kuja. Bi Khamisa alipika mchuzi wa papa, ukamshinda, akapika tena. Bi Mwanarusi alifurahi, lakini nilimwona hakutulia. Khamisa alikuwa amekula kwa marehemu tangu usichana, hivyo hata bila kitabu angekisia.

Mwaka huu tulikwenda Kinango kwenye mnada wa mifugo. Bi Mwanarusi alikuwa akitafuta mbuzi wa hitima ya mama yake, nami nilikwenda kama mtu wa kubishana na wauzaji, kipaji nilichojaliwa. Jua lilikuwa kali. Tulipompata mbuzi tulikuwa na njaa isiyosema uongo, tukaingia kwenye kibanda cha mabati cha mama mmoja aliyeitwa Kache. Maji yalikuwa adimu wiki ile, akatumiminia kikombe kimoja tunawe wawili, akaomba radhi. Akaleta mahamri na mbaazi za nazi.

Bi Mwanarusi alikula tonge moja, akaacha kutafuna. Akachovya kidole, akachokora bakuli, akatoa kipande cha embe bichi na ganda lake. Mimi nilijua ni nini, maana niliipiga chapa habari ile. Ni mama yake aliyekuwa akitia embe na ganda, mbaazi zikianza kulainika.

"Mwanangu," akamwambia Kache, na sauti yake ilikuwa ndogo, "hii nani kakufunza?"

"Hakuna mtu, mama. Nina kitabu."

Akakitoa chini ya meza. Kilikuwa kimevimba, kurasa zimegandana kwa tui, kona moja imeungua.

"Kimeandikwa na nani?"

"Hapo ndipo sijui, hakina jalada. Lakini ni mtu mzima, yaonekana. Ana maneno mengi." Kache akacheka. "Nampenda, lakini hapa kwenye mbaazi amekosea. Anasema tia embe zima. Nilitia zima, wateja wakakunja nyuso kwa uchachu. Sasa natia nusu."

Nikafungua kinywa nimwambie anayezungumza naye. Bi Mwanarusi akanifinya paja chini ya meza, na kucha zake si za mchezo. Alikuwa amekazia macho kile kipande cha embe, machozi yanamteremka bila kuyafuta, na Kache akadhani ni pilipili, akakimbilia kikombe.

"Nusu," Bi Mwanarusi alininong'onezea. "Ni kweli, Chirau. Mama alikuwa akilikata embe, nusu anatia chunguni, nusu ananipa mimi na chumvi nikae mlangoni. Ni mimi niliyesahau."

Kisha akamwomba Kache bakuli lingine.