Nilimwoza Kathure kwa Mume Wangu Kwenye Intaneti

Kosa ni langu. Nalisema mapema usije ukapoteza muda kumlaumu shetani. Siku hiyo shetani alikuwa likizo, kazi yote niliifanya mimi mwenyewe.

Jina langu silitaji, na ya wengine nimeyabadilisha. Lakini kama uliishi Meru mwishoni mwa miaka ya tisini, ukapigwa picha ya harusi mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala mwenye miguu mitano (mchoraji alikosea mkia), basi unanijua. Tafadhali nyamaza.

Nilikuwa na studio ndogo karibu na soko. Tulipiga picha za kitambulisho, za watoto waliobatizwa, na harusi. Nilikuwa nakodisha pia gauni moja jeupe na suti moja nyeusi ambayo mikono yake ilikuwa mifupi kwa kila bwana harusi, awe mrefu awe mfupi. Sijui mshonaji alimpima nani.

Msaidizi wangu alikuwa Kathure, binti wa kijijini Kianjai. Aliniita Auntie ingawa hatukuwa na undugu wowote. Huyo msichana alikuwa mikono yangu miwili! Yeye ndiye aliyeosha filamu gizani, ndiye aliyewasuka mabibi harusi, ndiye aliyewachekesha watoto waliogoma kutazama kamera.

Kathure alikuwa na mchumba, kijana wa kwao aitwaye Mwenda, aliyekuwa akisoma Amerika. Wazee wa kina Mwenda walikuwa wameanza kupeleka mahari nyumbani kwa kina Kathure: ng'ombe mtamba, kondoo, na mtungi wa asali. Kilichobaki ni Mwenda amalize masomo arudi.

Sasa ngoja nikueleze ujinga wangu.

Palikuwa na kijana anaitwa Kinoti, alikuwa anafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja cha ghorofani, juu ya duka la mbegu. Siku moja alikuja kupigwa picha ya pasipoti, akatazama kuta zangu, akatikisa kichwa.

"Mama, picha nzuri hivi zinaonwa na watu wa hapa sokoni tu? Hebu nikutengenezee websaiti. Dunia nzima itakuona."

"Websaiti ni nini?"

"Ni kama duka lako, lakini liko ndani ya kompyuta, na halifungwi usiku."

Wooi! Nilisikia neno "dunia nzima" nikaacha kusikia mengine yote. Pale Meru hakuna mfanyabiashara niliyemjua aliyekuwa na kitu hicho. Nikajiona tayari naitwa mbele kanisani, mama wa kwanza kuweka mji wetu kwenye intaneti.

Kinoti akataka picha moja kubwa ya kuweka juu kabisa. "Maharusi," akasema, "na wawe wanacheka."

Hapo ndipo penye shida. Maharusi wetu wa Meru hawacheki! Mtu anaoa huku amekaza uso kama anapigwa picha ya kitambulisho. Na bibi harusi ameambiwa na shangazi zake kwamba akicheka ataonekana hana adabu. Nilipekua picha zangu zote, sikupata hata jino moja.

Wakati bado napekua, mume wangu akaingia na mkungu wa ndizi. Yeye ni mtu wa Runyenjes, kule Embu, dereva wa lori la majani chai, mpole sana, na ana cheko ambalo ndilo lililoniponza hata mimi nikaolewa. Nikamwangalia. Nikamwangalia Kathure, aliyekuwa anapiga pasi lile gauni.

"Kathure, hebu vaa hilo gauni na veli yake. Na wewe Baba Watoto, vaa hiyo suti. Nataka kujaribu taa mpya."

"Kujaribu taa tu, Auntie?"

"Taa tu."

Hizo taa hazikuwa mpya. Nilidanganya, hivihivi, macho makavu!

Walisimama pale. Mume wangu akajikuna kwa sababu ya mikono mifupi ya suti, Kathure akaangua kicheko, mume wangu naye akacheka. Nikabonyeza. Jamani, ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga! Ukiwaangalia ungesema wamependana tangu darasa la pili.

Nikampelekea Kinoti. Akaiingiza kwenye mashine, akaniuliza, "Chini tuandike nini?"

Kama ningekuwa na akili ningesema "Mfano." Mimi nikasema, "Andika: Mume na mke wapya, Meru. Mungu abariki ndoa yao."

Sikumuuliza Kathure. Sikumuuliza mume wangu. Nilijiambia, nani hapa kwetu ana intaneti? Hiyo ni ya Wazungu. Wataangalia, watafurahi, watasahau.

Mara ya kwanza kuiona, Kinoti aliniketisha mbele ya kompyuta. Ile simu ya kuleta intaneti ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari mmoja mmoja. Kwanza maporomoko ya maji. Halafu veli kichwani. Halafu paji la uso. Kinoti akasema tunaweza kwenda kunywa chai kwanza. Tulikunywa, tukarudi, tukakuta imefika kwenye pua.

Nilitembea kwa madaha mwezi mzima. Na kweli ilileta kazi! Mtu wa kwetu anayeishi Kanada aliandika, akaniomba niende nimpige mama yake picha akiwa shambani na nimtumie. Basi hapo ndipo kichwa kilipovimba kabisa.

Halafu ikaja Jumatatu.

Kathure aliingia studio macho yamefura. Akakaa kwenye kile kigoda cha wateja, akalia mpaka nikafunga mlango.

"Auntie, kina Mwenda wanataka mahari yao. Wanasema nimeolewa!"

"Umeolewa na nani?"

"Hata mimi sijui!"

Kumbe Mwenda, huko Amerika, theluji imemfungia ndani, upweke umemshika, akaingia maktaba ya chuo akaandika kwenye kompyuta jina la kwao: Meru. Akapata twiga. Akapata mlima wa Tanzania. Halafu akapata mimi. Na ile picha ikaanza kumshukia mstari mmoja mmoja, veli, paji la uso, macho. Alikuja kutuambia baadaye kwamba alipofika kwenye macho alianza kuomba iwe ni mtu mwingine, na ilipofika kwenye kile cheko akajua ni Kathure wake.

Akapiga simu kwenye duka moja la Kianjai, akaitiwa baba yake. "Baba, ameolewa! Nimeona kwa kompyuta!"

Siku hizo mtu angeweza kudanganya, lakini kompyuta? Hakuna aliyewahi kusikia kompyuta imedanganya. Baba yake, Mzee M'Imaana, alikwenda siku hiyohiyo kwa kina Kathure akadai mtamba wake na kondoo wake. Asali akauliza watairudishaje, maana ilishaliwa.

Kathure alipotaja kompyuta tu, mimi nilijua palepale. Ilinipasa nifungue mdomo niseme, "Kathure, ni mimi." Maneno matatu!

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Labda kuna mtu mnafanana."

Haki ya Mungu, ndivyo nilivyosema! Nikaongeza na dua. Nikamshika mkono nikaomba Mungu afichue mwongo ni nani. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Nilikuwa naogopa. Niliogopa atanichukia, nilimwogopa mume wangu, na niseme ukweli wote, niliogopa kutoa ile picha kwa sababu ilikuwa inaniletea sifa. Mwishowe nikamtuma mtu kwa Kinoti aitoe polepole bila kelele. Jibu likaja kwamba simu ya chuo imekatika, mafundi wanakuja wiki ile.

Mafundi wakaja. Lakini Mzee M'Imaana akawahi.

Ijumaa mchana Kinoti aliniita, nije haraka, kuna wageni chuoni. Nilipanda zile ngazi nikakuta wazee watatu wa Kianjai wamekaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, kofia mikononi kama wako kanisani. Upande wa pili alikaa mama yake Kathure amejifunga leso kichwani. Kathure alisimama nyuma yake. Yeye ndiye aliyetaka waje. "Waione hiyo picha kwa macho yao," alisema, "ili wajue si mimi."

Alikuwa na imani hiyo kwa sababu mimi nilimwambia wanafanana tu! Hebu fikiria.

Mzee M'Imaana akanisalimia kwa heshima. "Karibu, mwanangu. Wewe ni tajiri wake Kathure kazini. Utatusaidia kuangalia."

Kinoti alikuwa amelowa jasho. Simu ikalia. Niliomba ikatike. Simu ya chuo hicho ilikuwa inakatika kila siku, hata ndege akitua kwenye waya. Siku hiyo ilishika kama saruji.

Maporomoko ya maji yakatokea.

"Ni wapi huko?" mzee mmoja akauliza.

"Ni pazia," Kinoti akanong'ona.

Veli ikashuka. Paji la uso. Nyusi. Mama yake Kathure akasimama. Macho yakatokea. Kisha upande wa pili ukaanza kushuka uso wa mwanaume, na mzee wa katikati akasogea mpaka pua yake ikagusa kioo.

"Huyu mimi namjua. Si ni yule dereva wa lori la majani chai?" Akageuka. "Mama, si huyu ni mume wako?"

Wote wakageuka. Hata kompyuta ilikuwa kama inaniangalia.

Murungu wakwa, Mungu wangu! Nilitafuta uongo mwingine, sikupata. Nilikuwa nimeumaliza wote.

Nikapiga magoti. Nikasema yote: taa, suti, maneno ya chini ya picha, sifa za kijinga. Nililia kamasi zikanitoka mbele ya wazee wa watu. Mzee M'Imaana alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, "Kwa hiyo hakuna harusi?"

"Hakuna, Mzee."

"Na wewe mwenyewe ndiye ulimvalisha mume wako suti amuoe msichana mwingine?"

"Ndiyo, Mzee."

Yule mzee wa mwisho kwenye benchi alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, wenzake wakamfuata, hata mama yake Kathure akaficha mdomo kwa ncha ya leso.

Kathure hakucheka.

"Auntie, ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Siku ile uliponiombea?"

Kathure alivua aproni ya studio yangu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya Kinoti, akashuka ngazi. Jumatatu iliyofuata sikuwa na msaidizi.

Picha ilitolewa saa hiyohiyo, lakini habari ilikuwa imeshapata miguu. Ilivuka mpaka ikafika Embu. Wiki ile ile mama mkwe wangu alishuka kutoka Runyenjes na kuku chini ya kwapa.

"Nimekuja kumwona bibi mpya," akasema, anachungulia nyuma yangu.

Nilipomweleza kwamba hakuna bibi mpya, ni mimi tu, yule yule wa zamani, aligeuka akarudi kwake na kuku wake! Hilo la kuku liliniuma kuliko yote.

Mume wangu kule kwenye vituo vya kupimia majani chai aliitwa Bwana Harusi mpaka alipobadilishiwa njia. Hakunigombeza. Lakini alikataa kukanyaga studio tena. Akileta ndizi anaziacha mlangoni, anapiga honi, anaondoka. Ilichukua muda mrefu kabla hajaniletea lile cheko lake.

Mwenda naye alipiga simu kuomba msamaha. Kathure alishika mkonga wa simu akamwambia, "Uliniona nimevaa veli, ukampigia baba yako. Mimi hukunipigia." Akakata. Kijana alirudi nyumbani mwenyewe, akakaa nje ya jikoni la mama yake Kathure siku kadhaa akimenya viazi na kupasua kuni kabla hajasikilizwa.

Kathure alifungua studio yake Kianjai. Wateja wangu wengi walimfuata, na walikuwa na haki. Mimi nilibaki na swala wangu wa miguu mitano.

Harusi ya Kathure na Mwenda nilialikwa, sitaki kudanganya tena. Nilialikwa kama mgeni. Mpiga picha aliletwa kutoka Embu, kijana ana kamera kubwa na sauti kubwa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nimeshika sahani ya nyama, mikono inaniwasha.

Wakati wa picha ya familia, Kathure alinyoosha kidole kuelekea kwangu. Yule kijana akanijia mbio. "Mama, njoo, bibi harusi anakutaka kwenye picha!" Akanishika mkono kunivuta.

"Wewe!" Kathure alimpigia kelele kutoka kule mbele, kwenye veli yake ya kweli. "Muulize kwanza kama anataka!"

Watu wote wakaangua kicheko. Nilienda. Kwenye hiyo picha nimesimama pembeni kabisa, nimeshika sahani, nalia na kucheka.

Basi wewe mwenye biashara ndogo, unayetaka dunia nzima ikuone, nakusihi. Siku hizi picha haishuki mstari mmoja mmoja, inaruka yote mara moja, hata nafasi ya kwenda kunywa chai hakuna. Uso wa mtu si bidhaa yako. Uliza kwanza.

Na ukishakosea, kiri Jumatatu. Usingoje Ijumaa, wazee wameshakaa kwenye benchi.