Mashine ya Kumsomea Mwalimu

Baba yangu hakuwahi kumwambia mteja "hakuna". Mtu akiingia katika duka letu la vifaa vya ujenzi pale Voi kuulizia koki ya nusu inchi au bawaba za dirisha, Baba alijibu kabla swali halijaisha: "Ipo. Keti kitako." Kisha alimfungulia soda, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kuichukua koki kwa jirani. Majirani nao walikuja kwetu vivyo hivyo. Mteja alikwenda zake ameridhika, hajui kwamba koki yake imetoka duka la tatu.

Mimi nilikuwa nyuma ya duka hilohilo, katika chumba kilichokuwa stoo ya saruji, na kompyuta mbili nilizorudi nazo kutoka Mombasa baada ya masomo. Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni. Niliwachapia watu barua za kuomba kazi na kadi za harusi, na nikipata nafasi niliandika programu. Baba alisema nina kazi ya kuzungumza na televisheni. Nilinuna, maana mimi ni mwepesi wa kununa, lakini chumba alinipa bure na feni juu yake.

Siku moja akaingia mwalimu wangu wa jiografia wa sekondari, ameteremka kutoka Wundanyi, mkewe amemshika mkono. Nilipomwona anapapasa kiti kabla ya kukaa, moyo ulinishuka.

"Macho yamekwisha, mwanangu," akasema, kama anayesema sukari imekwisha nyumbani. "Lakini kichwa kiko."

Kufundisha aliweza, kwa sababu ramani zote alikuwa nazo kichwani tangu zamani. Kilichomshinda ni kutunga mitihani. Mtihani haufai kuonwa na mtu kabla ya siku yake, si mwanafunzi, si mke, na yeye hakuweza tena kusoma alichoandika mwenyewe. Halmashauri ya shule ilikuwa imempa mpaka mwisho wa likizo: aonyeshe mbele yao kwamba anaweza kutunga mtihani peke yake, la sivyo astaafu. Na alikuwa bado na nguvu zake, na hakujua kazi nyingine aliyoipenda. Kabla ya ualimu aliwahi kuwa karani, kwa hiyo vidole vyake vilijua kupiga taipu bila kuangalia.

"Nataka mashine inisomee kile nimepiga," akasema. "Iko kitu kama hiyo?"

"Ipo, mwalimu," nikajibu. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Haikuwepo. Nilichokuwa nacho ni disketi niliyopewa na rafiki wa Mombasa, na ndani yake faili moja la DLL, yaani faili ambalo programu nyingine huazima kazi zake, lililotengenezwa ng'ambo. Ukiliingizia maandishi ya Kiingereza, linayatamka. Programu yangu ya kuandikia nilikuwa nimeitunga kwa lugha nyepesi isiyojua kuongea na mafaili ya namna hiyo, kwa hiyo ilibidi niiongezee kiungo cha pembeni kwa lugha ya C, cha kuchukua maneno ya mwalimu na kuyapeleka kwenye sauti.

Kiungo nilikiandika haraka. Kukiunganisha ndiko kulikonitoa jasho. Kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, kila nilipoiamuru iunganishe ilinirudishia lalamiko lilelile: kazi hii ya kusema, sijui iko wapi. Watengenezaji wa sauti walikuwa wameweka faili la kuielekeza, lakini walilitengeneza kwa ajili ya kompaila ya bei kubwa. Yangu ilikuwa ya bure, na haikulielewa hata kidogo. Niliipiga meza ngumi. Nilimgombeza hata paka wa duka, asiye na hatia.

Mwisho nikatulia, nikasoma maelezo pole pole kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilitakiwa kutengeneza mwenyewe kitu kinachoitwa maktaba ya kuagizia. Unalifungua lile faili la sauti na kutoa majina ya kazi zote linazozijua: kuanza, kusema, kunyamaza. Unayaandika majina hayo katika faili dogo, juu yake unataja ni ya DLL gani, kisha chombo maalumu kinakutolea maktaba. Maktaba hiyo haina sauti hata tone. Kompaila ikiuliza, "Kusema iko?" yenyewe inajibu, "Ipo," na siku programu inapofanya kazi ndipo sauti inafuatwa kule iliko. Nilicheka peke yangu. Lilikuwa duka la Baba lenyewe!

Nikaiunda, nikaiunganisha, na kompyuta ikasema "Good morning" kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Baba alikuja mbio kuona ni mteja gani.

Siku ya kuonyesha nikapanda Wundanyi na disketi yangu. Shule ilikuwa na kompyuta moja ya msaada, imekaa ofisini chini ya kitambaa cha kufuma. Wanahalmashauri walikuwa wameketi na makoti yao, maana kulikuwa na ukungu. Nikaweka programu, na kile kiungo, na kwa kujiamini kwangu kote, ile maktaba ya kuagizia. Nikaiwasha. Ikakataa. Faili la DLL halionekani.

Nilikuwa nimebeba muuza duka na kuyaacha maduka ya jirani Voi! Lile faili la sauti niliwahi kulitia ndani ya kompyuta yangu siku ya kwanza kabisa, na kwa kuwa maktaba ilikuwa ikijibu "ipo, ipo", nikasahau kwamba ni kitu cha peke yake.

"Sasa hiyo mashine iko tayari ama?" mwenyekiti akauliza.

Nikaomba simu. "Baba, kuna disketi ya bluu mezani kwangu, imeandikwa 'Sauti'."

"Ipo," akasema Baba.

"Baba, hujatazama!"

"Nimesema ipo. Naileta."

Nikarudi ofisini nikamnong'oneza mwalimu. Hakushtuka. Alisimama, akapapasa mpaka kwenye ubao wa ratiba ukutani, akawauliza wazee wale kwa nini mvua inanyesha kwao juu na kule Voi watu wanaangalia mawingu tu. Kila mmoja alikuwa na jibu lake. Akawachorea milima na upepo kwa chaki, mistari imenyooka kuliko yangu, huku chai na viazi vitamu vikizunguka. Mwenyekiti alibishana naye juu ya upande wa mvua, akashindwa, akaomba aelezwe tena.

Walikuwa bado wanabishana pikapu ya Baba ilipoingia uwanjani. Alikuwa amefunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona isipokuwa Ijumaa na siku za msiba. Kutafuta ile ya bluu aliona kungemchelewesha, kwa hiyo alikuwa amebeba disketi zote nilizo nazo duniani, ndani ya karai la kuchanganyia saruji. Nilitaka kumkumbatia na kumgombeza kwa wakati mmoja. Ahadi ni deni, na alikuwa ameilipa.

Nikalitia faili. Mwalimu akaketi, akaweka vidole mahali pake, akapiga swali la kwanza. Mashine ikalisoma, na ilipofika kwenye jina la Mwatate ikalitamka kama mtu mwenye ugali wa moto kinywani. Wazee wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliinamisha kichwa.

"Hapana. Nimeandika magharibi. Nilitaka mashariki."

Akarudi nyuma, akafuta, akapiga upya, akasikiliza. Mashariki. Akatikisa kichwa kukubali na kuendelea na swali la pili, na mimi machozi yakanitoka mbele za watu wala sikuyafuta.

Mwenyekiti akasimama, akakohoa, akaanza kutoa neno la pongezi kwa niaba ya halmashauri. Mwalimu aliinua mkono bila kugeuka.

"Mzee, samahani. Wewe uko na kijana Form Four. Na huu ni mtihani. Naomba mtoke nje, wote."

Tukatoka sote, mkewe, Baba na karai lake, na mimi, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyefunga mlango.