Mchanga Uliofanywa Mwamba

Tumsifu alizaliwa Haneti, jirani na korongo linalopata maji wakati wa mvua tu. Kiangazi yeye na dada zake walifukua mchanga wake mpaka maji yachimbuke, na kila mvua zikipita walikuta shimo lao limefutika, mchanga umehama. Kwa hiyo asije mtu akamtetea kwamba hakujua.

Alijua. Alisomea uhandisi, akapanga chumba Makole, mjini, akaajiriwa kuigiza mito kwa kompyuta. Mto unakatwa visanduku vidogo vidogo, kompyuta inapiga hesabu ya maji yanayoingia na kutoka katika kila kimoja, na mafuriko unayaona kwenye kioo kabla hayajaja. Lilipotakiwa daraja korongoni Haneti, hesabu akapewa yeye. Kila alipoweka mchanga unaohama, kompyuta ilijikokota kutwa nzima, kisha hesabu zikavurugika. Bosi alitaka picha kesho yake. Basi Tumsifu akaiambia kompyuta kwamba chini ya korongo ni mwamba mtupu. Maji yakapita kwa adabu, ya buluu, yanapendeza, na wakubwa wakapiga makofi. Naye akayapokea, bila haya.

Haya ilikuja na mvua. Maji yaliufukua mchanga chini ya nguzo zilizochimbiwa juujuu kwa kufuata hesabu zake, daraja likalala ubavu. Kijiji kikamgeukia fundi aliyelijenga, Methusela, mjomba wake Tumsifu wa damu. Ikasemwa kauza saruji.

Tumsifu alikwenda mkutanoni, akasimama mbele ya watu waliomlea, uso unamwaka.

"Shikamooni wazee wangu. Mjomba hakuiba. Kosa ni langu. Kwenye kompyuta niliufanya mchanga wetu kuwa mwamba."

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Batholomeo, alimtazama kwa huruma.

"Mnaona mtoto aliyelelewa? Anambebea mjomba wake aibu. Lakini baba, mtoto wa Haneti asiyejua mchanga wa korongo hili hajazaliwa. Kaa, tumekuelewa."

Alirudia, akaapa. Kina mama wakaguna kwa kumpenda. Alitamani ardhi ipasuke immeze, maana aliona wanavyozidi kumheshimu.

Watu walipotawanyika, Methusela alimfuata, akamshika mkono. Macho yalikuwa mekundu.

"Asante kwa kutaka kunisitiri, mjomba," alisema. "Ila saruji yote niliitia mle. Nilidhani walau wewe ungeniamini."