Maswali Tisa Niliyomjibia Dada Biubwa

Dada yangu Biubwa alisomesha Kurani barazani kwake Baleni kwa miaka ishirini na sita. Asubuhi alikuwa shambani kwenye muhogo, mchana alisuka makuti ya kuuza, na baada ya swala ya alasiri watoto walijaa jamvini na juzuu zao kwenye mifuko ya plastiki. Alikuwa mkali wa herufi. Mtoto akikosea alimwambia, "Ulimi wako umelala, uamshe." Wenzake wakicheka aliwageukia: "Haya, nyinyi mlioamka, someni."

Kisukari kilimwanza mwaka aliofiwa na mumewe. Alikipokea kwa subira, akameza vidonge vyake, akaacha sukari kwenye chai. Baadaye fizi zikaanza kutoa damu na meno ya mbele ya juu yakalegea. Tabibu wa meno hospitalini Kilindoni alisema ni kisukari hichohicho. Yaling'olewa manne. Dada akanifanyia mzaha: "Mwanasha, nikatie embe vipande vidogo. Nasubiri yaote mapya."

Hatukujua alichopoteza mpaka siku ya mashindano ya madrasa. Herufi ya thaa hutoka kwa ncha ya ulimi kugusa meno ya juu, na mtoto husoma kwa kufuata mdomo wa mwalimu wake. Jamila, msichana wa miaka minane, alisimama akasoma Suratul-Kauthar. Mwisho wa aya ya kwanza, palipo na thaa, ukatoka upepo mtupu. Wa pili akasoma vilevile. Na wa tatu. Shehe aliyekuwa akiwapima akauliza kwa upole, "Wanangu, nani anawasomesha?" Watoto wote wakageuka kumtazama dada.

Wiki ileile alifunga chuo chake cha Kurani. Wazazi aliwaambia miguu inamuuma.

Tangu hapo alikaa juu ya mswala tangu alfajiri mpaka jua linapanda, hasemi, na tasbihi haisogei mkononi. Chakula alikigusa tu. Warda, binti yake aliyekuwa akiishi naye, alinifuata mara mbili. "Mama mdogo, mama hayuko sawa." Nilimjibu kwamba mama yake amezidisha ibada, amshukuru Mungu. Majirani nao niliwaambia hivyo hivyo, tena kwa fahari.

Miezi mitatu baadaye shavu lilimvimba, jino la nyuma limeoza. Nikampeleka kwa pikipiki mpaka Kilindoni. Tulimkuta tabibu mgeni, binti kutoka bara aitwaye Faraja. Alitusalimia shikamoo kwa adabu, akamtazama dada kinywani, kisha akachukua karatasi.

"Kabla sijang'oa, nina maswali tisa. Wagonjwa wetu wa meno wenye kisukari au presha tunawauliza wote, kwa sababu maradhi ya muda mrefu huwachosha watu moyo, wakapata sonona bila kujua. Na wewe uliyemleta, ungetusubiri nje kidogo."

"Huyu ni dada yangu," nikasema. "Hatuna siri."

Tabibu alimtazama dada. Dada aliinamisha kichwa tu.

"Haya. Katika wiki mbili zilizopita, mama, umekosa raha na mambo uliyokuwa ukiyapenda?"

"Alhamdulillah, tunashukuru," nikajibu.

"Usingizi?"

"Anaamka kuswali. Huo si ugonjwa."

"Ningependa anijibu mwenyewe."

"Kinywa kinamuuma, mwanangu. Niulize mimi."

Tukaenda hivyo. Kula, uchovu, kujiona hafai, yote nilimjibia. Niliona aibu mgeni asikie kwamba mwalimu wa Kurani ana huzuni, kana kwamba Kurani imemshinda. Swali la tisa tabibu alilisoma taratibu, macho yake kwa dada: amewahi kuwaza kwamba ingekuwa afadhali afe?

"Astaghfirullah," nikasema. "Huyo unayemuuliza ni mwalimu wa dini."

Dada alikuwa ameinua uso. Midomo ilifunguka, nikaona ule uwazi wa mbele na ulimi ukitafuta pa kushika. Kisha akavuta ncha ya mtandio akajiziba.

Faraja aliandika sufuri tisa, moja kwa kila jibu langu. "Nitamuuliza tena wiki ijayo akija kuangaliwa kidonda," alisema. "Siku hiyo aje na mtu mwingine."

Niliudhika. Wiki iliyofuata kidonda kilikuwa kimefunga, nikaamua hakuna haja ya kurudi.

Dada alikufa mwezi wa Shaaban. Alianza na jeraha dogo la jembe mguuni, likaoza, na alipofikishwa hospitali sukari ilikuwa juu mno. Siku ya kutoa vitu vyake Warda alikuta kopo la biskuti limejaa vidonge. Tangu afunge chuo, kila mwezi dada alikwenda kuvichukua kliniki, asimeze hata kimoja. Shehe alituambia tumwombee, hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Namwombea kila swala. Lakini sijajua namna ya kujiombea mwenyewe.

Baada ya hitima ya arobaini, wageni walipokwisha kuondoka, Warda alikaa karibu yangu jikoni.

"Mama mdogo, siku ile kwa tabibu wa meno walimuuliza mama kuhusu hali yake?"

"Walimuuliza."

"Akajibu nini?"

"Nilijibu mimi."

Hakunifokea. Alisema, "Niambie waliuliza nini."

Nikaanza la kwanza, kukosa raha. Akajibu, "Ndiyo. Hata redio alinipa nikaiweke chumbani kwangu." Nikasema usingizi. "Ndiyo. Nilimsikia akitembea." Kula. "Ndiyo." Kujiona hafai. "Alisema ameharibu Kurani vinywani mwa watoto. Alinisihi nisikwambie wewe."

Tulifika la nane. La tisa sikuweza kulitamka, na Warda alikaa palepale akilisubiri.