Bichupa Byote Bilibaki Safi

Jina yangu muifiche, na ya ile familia yenye nitasema vilevile. Niko muzee wa myaka makumi nane na tatu, nakaa mu commune ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mujukuu wangu njo anaandika, miye nasema. Na benye kuzoea kutukana bazee ku comment, munivumilie kwanza nimalize.

Wakati wa sécession, Katanga ilipojitenga na Kongo, nilikuwa natumika mu labo moja yenye kutengeneza serum, ile maji ya chumvi yenye bagonjwa banatiwa mu mushipa. Kazi yangu ilikuwa kuchunguza kama mikrobe haikuingia. Unachukua serum kidogo, unaitia mu kachupa ka bouillon, supu ya nyama, unakaweka mu étuve, ile kabati ya moto, siku saba. Bouillon ikichafuka, serum yote munaimwanga. Ikibaki safi, serum inatoka. Na kila mara kuko kachupa kamoja kenye tunatia mikrobe siye wenyewe, kwa kusudi. Hako lazima kachafuke! Kakibaki safi, basi bouillon haiwezi kuonyesha kitu, na munaanza kazi upya.

Mukubwa wangu alikuwa Mukasai, nitamuita Papa Léo. Alinifundisha kuosha bile bichupa: dawa ya kuua mikrobe kwanza, kisha kusuuza na maji. “Mara tano, weye kijana, si ine!” Alinipigia ile kelele kila siku, na nilikuwa namucheka. Sasa juma moja, bita bilikata maji ya bomba. Nilikuwa na ndoo moja tu. Nikasuuza mara moja, nikanyamaza.

Siku ya saba nikafungua étuve. Bichupa byote safi, nikafurahi. Kisha nikaona na kale kenye tulitia mikrobe: safi sawa bile bingine. Mungu wangu! Dawa yenye ilibakia mu bichupa ilikuwa imeua kila kitu, hatukujua chochote juu ya ile serum. Na Papa Léo hakuwa pale. Bakasai balikuwa banafukuzwa mu manyumba, alikuwa amepeleka bibi na batoto ku kambi ya bakimbizi. Patron wa labo akasimama ku mulango.

“Alors, iko safi? Hospitali inangojea.”

“Iko safi, Monsieur.”

Nilikuwa muoga. Sina neno ingine.

Kisha siku mbili, ku maternité ya ile hospitali, ba mama benye kutiwa ile serum balianza kutetemeka na homa. Bengine balikufa. Mumoja alikuwa yaya yangu, dada yangu mukubwa, tumbo moja na miye, alikuwa ametoka kuzaa.

Hatujamuzika bado, mutaa muzima ulikuwa unasema: Mukasai ametia sumu. Ku kilio, mama akaniuliza mbele ya bantu bote: “Weye unatumika naye. Ni yeye?” Nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo, haki ya Mungu! Lakini kila mutu alisikia ndiyo. Kesho yake balichoma nyumba ya Papa Léo. Akapanda treni ya Kasai na bantu yake, hakurudia tena.

Nilioa, nikazaa, ku kanisa bananiita muzee. Hakuna mwenye kujua.

Sasa juma iliyopita binti ya Papa Léo alinipigia simu. Ni mama muzima, alirudia kukaa hapa Lubumbashi. Alisema na heshima: “Papa, baba yangu alikufa akiapa kama hakufanya. Lakini siye batoto tumechoka kuitwa batoto ya mwenye sumu. Tunakuja dimanche, siku ya kanisa, familia nzima, na pagne ya kitenge na kuku. Tutakupigia magoti, utusamehe juu ya yaya yako.”

Nikajibu: “Karibu, mwanangu.” Karibu! Njo neno yenye ilitoka mu kinywa.

Batoto yangu bamekwisha kuazima biti bya bageni, banasema baba yao iko na roho muzuri. Nikisema kweli, batajua nani aliua tantine, shangazi yao. Nikinyamaza, yule mama atapiga magoti chini, mbele yangu, aombe musamaha ya kosa yangu miye.

Leo ni vendredi, kesho kutwa banafika. Ndugu zangu, munishauri: nimufungulie mulango na neno gani?