Shemeji kachoma sanduku la chatu wangu

Leo asubuhi nimepoteza sanduku la mninga la chatu ninayecheza naye ngoma.

Liliingiwa na utitiri. Nilishasema nitalimwagia maji ya moto, nilianike juani, basi.

Narudi kutoka Kakese, nakuta majivu. Shemeji Masanja kaegemea reki.

"Utitiri dawa yake moto, shem. Hata banda la kuku tulichoma."

"Na chatu je?"

"Kwani alikuwa ndani?"

Jamani, nikapiga yowe!

Mke wangu akaita toka uani: "Nyie, kelele za nini? Chatu nimemloweka huku."

Kweli, kajikunja kwenye beseni la kufulia, kichwa nje, mzima kabisa. Utitiri unaelea kama pilipili manga.

Nimecheka mpaka machozi.

Ila shemeji, najua unasoma. Mbao sita za mninga unaleta au huleti? Nijibu hapahapa kabla ya saa kumi na mbili jioni.